Kazi ya Afisa Chipukizi wa Ununuzi, na Haki ya Mkazi Kuuliza

ELIMU KWA WAKAZI: UNUNUZI WA UMMA

Kila mkulima wa chai hapa Sigowet anajua kusoma mizani. Karani wa kituo cha kununulia majani akitaja kilo, mwenye gunia hutazama mwenyewe, huuliza kuhusu makato, na huweka risiti mpaka siku ya bonasi. Hakuna anayemwona mkorofi kwa kufanya hivyo. Ni jasho lake.

Pesa za kaunti pia ni jasho la mkazi. Hata hivyo, wengi wetu hatujui hupimwa wapi, na nani hushika mizani. Tunaona darasa la chekechea limejengwa na paa linavuja, au kalvati zimerundikwa kando ya barabara msimu mzima, halafu tunasema tu, "Ni mambo ya tenda." Somo hili linaeleza mambo hayo ya tenda kwa kumfuata mtumishi mmoja ambaye hatajwi sana: afisa chipukizi wa ununuzi, yule wa ngazi ya chini katika ofisi ya ugavi. Hatii sahihi kandarasi. Faili, hata hivyo, hupitia mikononi mwake, na faili ndiyo mizani yenyewe.

Ukimaliza somo hili utaweza kueleza hatua ambazo zabuni hupitia, kutambua mahali ambapo pesa huweza kupotea, na kujua ni wapi mkazi anaweza kuuliza na kujibiwa.

1. Sheria inasema nini

Kifungu cha 227 cha Katiba ya Kenya kinataka kila ofisi ya umma inaponunua bidhaa au huduma ifuate mfumo wenye haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Maneno hayo matano ndiyo msingi. Sheria ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 iliyajenga kuwa utaratibu, na kanuni zake za mwaka 2020 zikaongeza maelezo ya kila hatua. Utaratibu huo ni mmoja kwa wizara jijini Nairobi na kwa kaunti zote 47, Kericho ikiwemo. Kwa hivyo mkazi wa Sigowet, Kaplelartet, Soliat au Soin ana haki zilezile alizo nazo mkazi wa mji mkuu.

Anayewajibika kwa pesa za idara ni afisa mkuu wa idara hiyo. Ndiye anayetoa kibali cha mwisho, na ndiye anayeulizwa pesa zikipotea. Chini yake yupo mkuu wa kitengo cha ununuzi, ambaye lazima awe mtaalamu wa fani hiyo. Afisa chipukizi yuko chini ya huyo. Mara nyingi cheo chake kwenye barua ya ajira ni afisa au msaidizi wa usimamizi wa ugavi.

Sheria imegawanya kazi hii makusudi. Anayesema kitu kinahitajika si yeye anayefungua zabuni peke yake, na anayetathmini si yeye anayetia sahihi kandarasi. Mlango wenye kufuli nyingi haufunguliwi na mwizi mmoja.

2. Safari ya zabuni moja

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Kijiji kimoja katika wadi ya Sigowet kinahitaji darasa la chekechea. Elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, kwa hivyo hakuna wa kumsukumia mzigo. Darasa hilo litapita hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza ni mpango. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kila idara huandaa mpango wa ununuzi wa mwaka unaolingana na bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti. Sheria inakataza kuanzisha ununuzi wowote kabla ya kuhakikisha kuwa pesa zake zimetengwa. Afisa chipukizi ndiye hukusanya mahitaji ya idara, huyapanga kwenye jedwali, na kuangalia kama darasa hilo lina fungu lake. Kama halina, anapaswa kusema mapema na kwa maandishi.

Hatua hii inaonekana ndogo, lakini hapa ndipo madeni ya kaunti huzaliwa. Mwanakandarasi wa hapa kwetu akijenga kwa mkopo wa benki, halafu ikaonekana pesa hazikutengwa, hatalipwa mwaka huo wala pengine ule unaofuata. Shamba aliloweka dhamana litapigwa mnada, na mafundi wake watarudi nyumbani mikono mitupu. Madhara hayo yote yameanzia kwenye jedwali ambalo halikukaguliwa.

Hatua ya pili ni maelezo ya kitu kinachotakiwa. Wahandisi huandika vipimo: ukubwa wa chumba, unene wa mabati, aina ya mbao, mchanganyiko wa saruji. Afisa chipukizi huyasoma kwa jicho la mnunuzi. Je, maelezo yameandikwa ili wengi washindane, au yameshonwa kama suti kumtosha mtu mmoja? Sheria haitaki maelezo yataje jina la kampuni au chapa fulani ilhali kuna njia nyingine ya kueleza kitu hicho.

Hatua ya tatu ni kutafiti bei. Kwa bidhaa za kawaida, sheria inasema bei isitoke nje ya bei ya soko. Afisa chipukizi huulizia katika maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Kericho, Sondu na kwingineko, na kuandika alichoambiwa, tarehe, na mahali. Karatasi hiyo moja inaweza kuokoa mamilioni.

Hatua ya nne ni kuchagua njia na kutangaza. Njia ya kawaida ni zabuni ya wazi, ambayo mtu yeyote mwenye sifa anaweza kuomba. Kwa kazi ndogo, kanuni za 2020 zinaruhusu kuomba nukuu za bei kutoka kwa wauzaji wasiopungua 3 walioandikishwa. Kwa ujenzi kiwango cha juu ni shilingi milioni 5, na kwa bidhaa ni shilingi milioni 3. Ni marufuku kuikata kazi moja vipande vipande ili kila kipande kiingie chini ya kiwango hicho. Msingi wa darasa, kuta zake na paa lake si miradi mitatu.

Hatua ya tano ni kufungua. Muda ukiisha, zabuni hufunguliwa papo hapo mbele ya kamati ya watu wasiopungua 3. Wazabuni au wawakilishi wao wana ruhusa kuwepo. Jina na bei ya kila mmoja husomwa kwa sauti na kuandikwa. Tangu hapo bei iliyosomwa ni ya mwisho: haisahihishwi, haipunguzwi, haiongezwi. Anayekuja baadaye kusema "nilikosea sufuri moja" amechelewa.

Hatua ya sita ni tathmini. Kamati nyingine huzipima zabuni kwa kutumia vigezo vilivyotangazwa, na si vingine. Ina siku zisizozidi 30. Hapa afisa chipukizi anaweza kuteuliwa kwa barua kuwa katibu wa kamati. Kazi ya katibu ni kuandika kilichosemwa kama kilivyosemwa, pamoja na jina la aliyepinga na sababu zake. Kisha mkuu wa ununuzi hutoa maoni yake ya kitaalamu yaliyotiwa sahihi, na afisa mkuu wa idara huamua.

Hatua ya saba ni kuarifu na kutia sahihi. Aliyeshinda na walioshindwa wote huandikiwa barua. Walioshindwa huambiwa nani ameshinda na kwa nini wao hawakupata. Kandarasi haitiwi sahihi mpaka siku 14 zipite, ili mwenye malalamiko apate nafasi ya kuyawasilisha.

Hatua ya nane ni kupokea kazi. Kamati ya ukaguzi na upokeaji, yenye mwenyekiti na angalau wajumbe wengine wawili, huenda kuona. Hupima, huhesabu, na kukataa kisicholingana na kandarasi. Malipo hufuata baada ya hapo.

3. Mahali ambapo mkono hutetemeka

Sheria ni nzuri kwenye karatasi. Afisa chipukizi, lakini, ni mtoto wa watu. Ana wazazi, ana shangazi na wajomba, alisoma na vijana ambao leo wana kampuni. Siku ya kwanza anapoajiriwa kijijini husemwa, "Sasa tumepata mtu wetu pale." Sentensi hiyo ndiyo mtihani wake wa kwanza.

Mjomba akiuliza bei ambazo washindani wameandika, jibu ni hapana, hata kama ndiye aliyelipa karo. Kutoa siri za zabuni kabla ya wakati ni kosa. Jibu la heshima lipo: "Mjomba, tangazo likitoka nitakuonyesha mahali pa kulisoma, sawa na ninavyomwonyesha mtu mwingine yeyote." Na kama jamaa yake ameomba zabuni, afisa huyo anatakiwa kulitangaza jambo hilo kwa maandishi na kujiondoa katika shughuli hiyo. Hapo hajamkana ndugu yake. Amemkinga, maana zabuni iliyopatikana kwa njia hiyo inaweza kufutwa, na kampuni iliyohusika kuzuiwa kufanya biashara na serikali kwa muda usiopungua miaka 3.

Mtihani wa pili hutoka juu. Mkubwa anasema, "Andika tarehe ya wiki iliyopita," au "Tia sahihi kwamba saruji imefika, lori liko njiani." Afisa chipukizi anaogopa, kwa kuwa bado yuko kwenye majaribio ya kazi. Ushauri ambao wazoefu wa kazi hii hutoa ni mfupi: omba agizo hilo kwa maandishi, na uandike maoni yako kwenye faili kwa adabu. Agizo halali litaandikwa bila shida. Agizo lisilo halali mara nyingi hufa linapodaiwa karatasi. Na afisa akumbuke kwamba adhabu ya jumla chini ya Sheria ya 2015 ni faini isiyozidi shilingi milioni 4, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Hakimu hataiondoa kwa sababu mshtakiwa alikuwa mdogo kwa cheo.

Sahihi ya kupokea ndiyo inayouma zaidi wananchi. Karatasi ikisema mabati 60 yamefika na yamefika 40, pesa za 60 zitalipwa, na paa litafika katikati ya darasa. Watoto wa miaka 4 watahamia chini ya mti, na mvua za Kericho tunazijua. Waliotia sahihi hawakuiba bati hata moja kwa mikono yao. Waliandika tu nambari isiyo ya kweli.

4. Funzo kutoka Bungoma

Mwaka 2015 Wakenya walishtuka kusikia kwamba Kaunti ya Bungoma ilikuwa imenunua wilbaro 10 kwa jumla ya zaidi ya shilingi milioni moja, yaani kila moja kwa zaidi ya shilingi 100,000. Wakati huo wilbaro ya kawaida ilipatikana dukani kwa shilingi elfu chache. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba zilitengenezwa kwa chuma maalumu kisichoshika kutu. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ilichunguza, na maafisa kadhaa wakafikishwa mahakamani.

Tuisome habari hiyo kama wanafunzi, bila kucheka. Wilbaro haikuingia ghalani yenyewe. Mtu aliandika maelezo yake. Mtu alipokea bei. Watu walikaa kamati. Watu walipokea mzigo. Katika kila kituo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kuuliza swali ambalo mkulima yeyote angeuliza: bei hii ni ya soko gani? Karatasi ya utafiti wa bei, ile ya hatua ya tatu, ipo kwa ajili ya swali hilo. Mwenye kuiandaa mara nyingi ni afisa wa ngazi ya chini kabisa katika chumba.

5. Fursa kwa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu

Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ili kunufaika, kampuni au kikundi hujisajili na Hazina ya Kitaifa na kupata cheti cha mpango unaojulikana kama AGPO, ulioanza mwaka 2013. Cheti hicho hakiuzwi. Kampuni ya kundi hilo lazima iwe na angalau asilimia 70 ya wanachama wake kutoka kundi husika, na uongozi wake wote utoke humo. Kijana maana yake ni mtu wa miaka 18 hadi 35.

Kikundi cha akina mama kinachokata nyasi, kinachoshona sare au kinachouza vyakula kinaweza basi kuiuzia kaunti. Kinachohitajika ni karatasi kuwa sawa: usajili, cheti cha kulipa kodi, na bei iliyofikiriwa vizuri. Zabuni nyingi za wenyeji huanguka kwa ukurasa usiotiwa sahihi au cheti kilichopitwa na wakati, na bei haifikii hata kutazamwa. Sehemu ya kazi ya afisa chipukizi ni kueleza masharti hayo kwa yeyote anayeuliza, kwa lugha anayoielewa, bila malipo na bila upendeleo.

Kwa kijana anayetaka kuifanya kazi hii yenyewe, njia ni kusomea ununuzi na ugavi katika ngazi ya diploma au shahada, na kujiandikisha na taasisi ya wataalamu wa ugavi, KISM, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2007. Nafasi za kazi katika kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Anayekuomba pesa ili akuingize si mwajiri.

6. Mkazi anaweza kufanya nini

Kwanza, soma. Sheria inataka kandarasi zilizotolewa zitangazwe kwenye mbao za matangazo na katika tovuti. Mradi unapoanza kijijini, tafuta jina la mwanakandarasi, kiasi cha pesa na muda wa kazi.

Pili, omba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na huhitaji kueleza sababu. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa kuliandika. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Gharama inayoweza kutozwa ni ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 kujibu. Isipojibu, au jibu lisiporidhisha, Tume ya Haki za Kiutawala hupokea malalamiko. Na faili haiwezi kusemwa imetupwa, kwa maana rekodi za ununuzi lazima zihifadhiwe kwa angalau miaka 6 baada ya shughuli kukamilika.

Tatu, kama wewe ni mzabuni na unaamini umeonewa, una siku 14 kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma. Bodi hutakiwa kuamua ndani ya siku 21. Kuna ada ya kulipa, kwa hivyo pima hoja yako kwanza, lakini usingoje siku zipite.

Nne, hesabu. Mwanakandarasi akishusha kokoto na mabati, mzee wa kijiji na wazazi wana macho. Kamati ya upokeaji ikija, muwepo. Idadi mnayoijua nyinyi ni vigumu kubadilishwa kwenye karatasi.

7. Maswali ya kujipima

Swali la kwanza: Idara inataka kununua madawati ya shilingi milioni 5.4. Afisa anashauriwa aandike maombi mawili ya milioni 2.7 kila moja, yapite kwa nukuu za bei. Je, ni sawa?

Swali la pili: Zabuni ya kampuni ya dada wa katibu wa kamati ya tathmini ndiyo yenye bei ya chini kabisa. Katibu afanye nini?

Swali la tatu: Mkazi wa Soliat anataka kujua kiasi kilicholipwa kwa ukarabati wa zahanati. Anaambiwa alete barua ya mwakilishi wa wadi kwanza. Je, ni lazima?

Majibu. La kwanza: si sawa, huko ni kukata ununuzi mmoja ili kukwepa ushindani, na ni kosa. La pili: alipaswa kuutaja udugu huo kwa maandishi na kujiondoa kabla tathmini haijaanza, kampuni ya dada yake itapimwa na wengine kwa vigezo vilevile. La tatu: si lazima; haki ya taarifa ni ya raia mwenyewe, wala haitegemei barua ya kiongozi yeyote.

Afisa chipukizi anayefanya kazi yake sawasawa hatapigiwa makofi. Matunda yake ni mambo ambayo hayakutokea: paa ambalo halikuvuja, muuzaji ambaye hakunyimwa haki, deni ambalo halikuzaliwa. Mkazi akiuliza kwa adabu na kwa karatasi, humwongezea afisa kama huyo nguvu siku anapoagizwa kuandika uongo, kwa sababu ataweza kujibu, "Watu wa Sigowet wataniuliza."